Sweta Moja la Mwalimu Tweve

Sogeeni, na mwenye haraka aondoke sasa hivi. Kisa hiki sikijui mwisho wake, na sipendi mtu aniulize mwisho huku anafunga kamba za viatu. Mwisho mtautia nyinyi. Mimi nina bahasha kubwa na kalamu, na Jumatatu asubuhi natakiwa posta.

Kuna watu watatu ambao hawajawahi kuonana uso kwa uso. Wa kwanza ni Leokadia Mgaya, wa hapa kwetu Njombe. Huyu kajaliwa sikio. Ukimwambia jambo leo, mwakani atakukumbusha ulilisemaje na siku hiyo ulikuwa umevaa nini.

Wa pili ni Ekai Lokwawi, wa Lodwar, kaskazini mwa Kenya. Huyu kajaliwa mkono. Kazi ya kompyuta ambayo wenzake wanaipangia mwezi mzima, yeye anaimaliza kwa siku tatu, kitambaa kibichi shingoni kwa sababu ya joto la kwao.

Wa tatu ni Zuwena Makame, mwalimu wa hesabu wa Wete, Pemba. Huyu kajaliwa jicho, na jicho lenyewe ni la shaka. Mpe kitu unachokiona safi kabisa, atakitazama mpaka uanze kuona aibu kwa niaba ya kitu chenyewe.

Halafu yuko Bi Tusekile, ambaye hana sikio wala mkono wala jicho la namna hiyo. Yeye ndiye mwenye shida.

Bi Tusekile ni mjane wa Mwalimu Obadia Tweve, aliyefundisha muziki miaka ishirini na miwili katika chuo kimoja cha ualimu huku milimani. Jina la chuo naliacha. Mwalimu aliongoza kwaya, na kila Jumamosi alirekodi mazoezi kwa simu yake ili akasikilize taratibu nani kapotea njia. Simu yenyewe ilikuwa ndogo, kwa hiyo alihamishia kila kitu kwenye akaunti yake ya chuo, kisha akafuta simuni. Ndivyo ilivyotokea kwamba alipofariki, nyumbani kulibaki picha nyingi, viatu, miwani, na sauti hata moja haikuwepo.

Alilala hospitali miezi mitatu, Januari hadi Machi. Wiki ya mwisho alimnong'oneza mkewe neno lake la siri na kumwambia akachukue zile sauti, zisije zikatupwa.

Mimi nilikuwa naimba besi katika kwaya hiyo, na nyumba zetu zinapakana. Macho ya karibu ya Bi Tusekile yamechoka. Kufuma anafuma kwa vidole, lakini barua zake nasoma na kuandika mimi. Siku moja aliniambia kitu ambacho sijakisahau. Alisema sura ya mumewe ameishika, lakini sauti inamtoka. Alijaribu kukumbuka jinsi alivyokuwa akimwita, akasikia sauti ya mtangazaji wa redio. Alilia kwa hilo kuliko nilivyomwona akilia msibani.

Sheria ya chuo ni hii: mtu akifariki, familia ina mwaka mmoja kuchukua vilivyomo katika akaunti yake, kwa neno alilowaachia wenyewe. Ofisi haimfungulii mtu. Zamani ofisi ilikuwa ikifungua, ikagundulika kuna afisa aliyekuwa anasoma barua za watu, basi tangu hapo hakuna mkono wa ofisi unaogusa. Mwaka ukitimia, akaunti inafutwa na kila kilichomo.

Mlango wa akaunti zote unalindwa na programu iitwayo Bawabu. Ina daftari la majina ya watu wote wa chuo, kama elfu nne. Unaitajia jina na neno lako la siri, nayo inaangalia kama kweli ni wewe. Lakini Bawabu haiweki neno lako kama lilivyo. Inalisaga, inaweka unga. Ukija kesho na neno lako, inalisaga tena na kulinganisha unga na unga. Akiingia mwizi atakuta unga tu, na unga haurudi kuwa mahindi.

Mwaka ule aliofariki Mwalimu, jiwe la kusagia lilibadilishwa. La zamani lilikuwa linasaga unga mzito, na wezi wa siku hizi walishaanza kuubahatisha. Likaletwa jiwe jipya, la unga laini. Kwa miezi mitatu mawe yote mawili yalifanya kazi pamoja: kila aliyeingia, neno lake lilisagwa upya na unga wake mzito ukatupwa. Mwezi wa nne wenye programu wakaling'oa jiwe la zamani, wakiamini kila mtu ameshapita.

Sasa niwaeleze kila mmoja alifanya nini.

Tuanze na sikio. Leokadia anakaa kwenye dirisha la huduma pale chuoni, dirisha linalopitisha baridi hata likifungwa. Arobaini ilipopita, Bi Tusekile alikwenda, akaandika jina la mumewe na lile neno, Bawabu ikamkatalia. Leokadia akamwambia kwa upole kwamba atakuwa amesahau kidogo, watu husahau, ajaribu tena wiki ijayo. Kumuuliza neno lenyewe hairuhusiwi. Bi Tusekile akarudi Alhamisi iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Miezi minane alirudi, na miezi minane aliambiwa amesahau. Hilo nalisema wazi kwa sababu Leokadia mwenyewe halifichi.

Alhamisi moja ya Januari mama huyu hakuondoka dirishani.

"Mwanangu," alisema, "hilo neno nalisema kila siku kabla sijalala, kama wenzangu wanavyosali. Nieleze nimelisahauje."

Sikio la Leokadia likamkumbusha kwamba si mara ya kwanza kuambiwa hivyo. Alisema hivyo mhadhiri aliyetoka likizo ya uzazi. Alisema hivyo mlinzi aliyerudi kutoka kutibiwa mguu. Akatoa daftari lake la malalamiko, akahesabu watu kumi na saba walioapa kuwa hawakusahau, ambao yeye aliwapa maneno mapya na wakaenda zao wakinung'unika. Akakumbuka ile miezi mitatu ya mawe mawili, akapita idara moja moja akiuliza: fulani, kati ya Januari na Machi ya mwaka jana, alikuwa wapi? Wote hawakuwepo chuoni. Mmoja masomoni, mwingine kwa mama yake mgonjwa, mwingine kalazwa. Hakuna aliyesahau. Mawe mawili yalipokuwa yakifanya kazi pamoja, wao hawakuwepo, na unga wao ulibaki ule mzito ambao jiwe lake halipo tena.

Wale kumi na saba walikuwa hai, kwa hiyo walipewa maneno mapya. Wa kumi na nane alikuwa Mwalimu Tweve, na marehemu hawezi kuja dirishani na kitambulisho. Leokadia akawaandikia wenye programu taarifa nzima, na mwisho akaongeza kwamba kuna mjane anayetaka kusikia sauti ya mumewe, na akaunti itafutwa kabla ya katikati ya Machi. Aliniambia aliandika huku anaona haya kwa ile miezi minane.

Njooni kwenye mkono. Bawabu inaandikwa na watu wa kujitolea, kila mtu kwao. Taarifa ya Leokadia ilikaa karibu mwezi bila jibu, kisha Ekai akaiona. Zilikuwa zimebaki siku kumi na nne. Ekai anasema alisoma mstari ule wa mwisho akaiacha kazi inayomlipa, hakumuaga mtu. Baba yake alikuwa mchungaji wa ngamia aliyejulikana kwa nyimbo za kuwaita wanyama wake, na nyimbo zile hakuna aliyezirekodi. Ekai alijaribu kuziimba kwa watoto wake, akaona anadanganya.

Kwa siku tatu akaandika kiraka. Hivyo ndivyo wanavyoita kipande kidogo cha kushonea programu iliyotoboka. Kiraka chake kilirudisha jiwe la zamani pembeni ya jipya. Mtu akija na unga wake ni ule mzito, asagiwe kwa jiwe la zamani. Ukilingana, aingizwe, na papo hapo neno lake lisagwe upya kwa jiwe jipya. Mistari arobaini na michache. Hakuna mwingine aliyejitokeza kuiandika, na bila hiyo kisa chetu kingeishia hapa.

Lakini waandishi wa Bawabu wana desturi wasiyoivunja. Kiraka hakiingii mpaka mtu wa pili akisome mstari kwa mstari na kuweka jina lake chini. Aliyekiandika hajikagulii. Na aliyekisoma haruhusiwi kukirekebisha kwa mkono wake, maana akikigusa naye amekuwa mwandishi, itabidi atafutwe wa tatu. Wa tatu hakuwepo, walioandikiwa hawakujibu. Aliyejibu ni Zuwena peke yake, na wenzake walipoona jina lake wakamwombea Ekai.

Zuwena alisoma kiraka baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Alikipenda, na hilo ndilo lililompa wasiwasi. Akasimamisha Bawabu ndogo kwenye kompyuta yake ya nyumbani, akaijaza majina ya kubuni, akaanza kuisumbua kama mtoto anayejaribu kila kitasa. Alileta neno sahihi, akaingia. Akaleta neno baya, akakataliwa. Mwisho akaandika jina la mkuu wa chuo wa kubuni, mahali pa neno la siri asiandike chochote, akabonyeza.

Mlango ukafunguka.

Alikaa akiutazama. Kisha akarudi kwenye mistari, akaona ilivyokuwa. Wengi katika daftari walishasagiwa upya, kwa hiyo mahali pao pa unga mzito palikuwa patupu. Mtu akija mkono mtupu, jiwe la zamani lilisaga hewa, likatoa hewa. Bawabu ikalinganisha hewa na utupu, ikaona vinafanana, ikampisha. Kiraka kile kingemfungulia mjane mmoja, na papo hapo kingemfungulia mpita njia yeyote milango elfu nne: barua, matokeo ya mitihani, faili za wagonjwa wa zahanati ya chuo.

Zuwena akakikataa. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Mazungumzo yao yameandikwa hadharani, nimeyasoma. Mengi ni ya kazi. Haya mawili si ya kazi tu.

"Bi Zuwena," aliandika Ekai, "siku zimebaki tisa. Hiyo sauti ikifutwa, mimi na wewe tutamwambia huyo mama nini?"

"Na mlango huu ukibaki wazi, wale elfu nne tutawaambia nini?" alijibu Zuwena. "Kirekebishe kiraka, Ekai. Mkono mtupu ukataliwe kabla haujafika kwenye jiwe. Mimi nipo, nakungoja."

Ekai alikasirika siku nzima, na ndani ya hasira, anakiri, kulikuwa na woga wa mtu aliyeponea chupuchupu kuharibu. Siku ya pili akaongeza mistari miwili. Zuwena akasumbua milango yote upya, asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule, siku tatu, huku Leokadia akiandika kila siku kuuliza kama bado. Alhamisi Zuwena akaweka jina lake chini.

Kuna jambo hakumwambia mtu wakati ule. Alipokuwa anatafuta jiwe la zamani liling'olewaje, aliifungua kumbukumbu ya mwezi ule wa nne, akakuta chini ya badiliko hilo jina la mkaguzi. Lilikuwa jina lake. Alikuwa amesoma kila mstari, akaona ni safi, na kweli ulikuwa safi. Swali alilosahau kujiuliza ni nani hakuwepo.

Ijumaa asubuhi Leokadia akakiweka kiraka kwenye kompyuta za chuo. Akaunti ilikuwa ifutwe Jumatatu. Mchana nilimsindikiza Bi Tusekile dirishani. Leokadia aligeuza uso kama sheria inavyotaka, na mama akaandika kwa kidole kimoja, herufi moja, pumziko, herufi nyingine. Leo naweza kulitaja, kwa sababu halifungui kitu tena. Neno la siri la Mwalimu Tweve lilikuwa "besi wasichelewe jumamosi". Nilitazama chini.

Bawabu ikamfungulia.

Mama alitaka rekodi ya mwisho, ya Desemba, kabla hajaugua. Nikazinakili sauti zote kwenye simu yangu, kisha nikaifungua hiyo. Tulisikia viti vikiburutwa, mtu akakohoa, kisha Mwalimu: "Besi, tunaanza bila nyinyi." Wakaimba kidogo. Mlango ukalia, mtu akaingia anahema, na Mwalimu akasema, "Karibu, bwana. Tulikuwa tunakusubiri tangu jana." Kwaya nzima ikacheka. Yule anayehema ni mimi, na sijawahi kufurahi kuchelewa kama nilivyofurahi saa ile.

Bi Tusekile hakucheka wala hakulia. Alikuwa ameinamia kompyuta, ameshika ukingo wa meza. Rekodi ilikwenda karibu saa nzima, hatukuthubutu kuigusa. Mwisho kabisa, kabla ya kuzima, Mwalimu alisema, "Haya, imetosha. Nendeni. Mimi Tuse ananingoja, chakula kinapoa."

"Hakijapoa, baba," alisema Bi Tusekile.

Leokadia akatoka nje.

Sasa sweta. Miezi ile mitatu ya hospitali, Bi Tusekile alikaa kwenye benchi la korido akimfumia mumewe sweta la kijani kibichi, la sufu nzito, maana alilalamikia baridi. Likabaki mkono mmoja. Alipofariki, lilikunjwa hivyo hivyo na sindano zake ndani, likawekwa juu ya kabati mwaka mzima. Jumamosi ile, siku moja baada ya kusikia sauti, alilishusha akamalizia mkono. Kisha akaniita.

Alisema anataka limwendee aliyemrudishia mumewe. Nikamwambia ni watatu. Akasema sweta ni moja. Nikataja kofia tatu, akanitazama hivi kwamba sikumaliza sentensi. Sweta lile halifumuliwi. Kila uzi anajua aliufuma siku gani na daktari alisema nini siku hiyo. Wala hafumi lingine. Anasema vidole vyake sasa vimemaliza.

Akaniagiza niwaandikie wote watatu, kila mmoja aseme kama analitaka. Nilitegemea adabu. Nilidhani watasukumiana, wewe chukua, hapana wewe, nami nipate kazi nyepesi.

Leokadia alijibu siku hiyo hiyo. Alisema kama asingesikia, hakuna mkono ungeandika wala jicho lingesoma. Alisema pia kwamba hajawahi kupewa kitu na mtu wa upande wa pili wa dirisha kwa miaka kumi na moja, isipokuwa lawama, na kwamba miezi minane ile bado inamkaa moyoni. Akamalizia kwamba pale dirishani kuna baridi. Hilo ni kweli, mimi shahidi.

Ekai aliandika kwamba Lodwar mtu akivaa sweta watu watamwuliza anaumwa nini. Analitaka hata hivyo, alitundike ukutani. Alisema ameandika programu miaka tisa na hakuna hata moja iliyowahi kumrudia ikiwa kitu cha kushika. Na kama mtu angemrudishia sauti ya baba yake, alisema, angempa ngamia wake wote.

Barua ya Zuwena ilikuja baada ya siku nne, fupi, na ndani yake ndimo alimosema habari ya jina lake chini ya badiliko la mwezi wa nne. Alisema mjane ana haki ya kujua kabla hajaamua. Alisema kazi ya mkaguzi ni kuzuia, na kitu kilichozuiwa hakionekani, kwa hiyo hajawahi kushukuriwa na hakutegemea kushukuriwa. Mstari wa mwisho ulikuwa huu: "Mimi sistahili, lakini nalitaka."

Nilimsomea Bi Tusekile barua zote tatu, mara mbili mbili. Aliomba ile ya Zuwena mara ya tatu. Alipapasa sweta begani mpaka kwenye mkono, pale uzi wa mwaka jana unapokutana na uzi wa juzi, mahali ambapo rangi imepishana kidogo. Kisha akaliweka ndani ya bahasha na kunisukumia.

"Andika wewe," alisema. "Obadia alikuwa anasema una mwandiko mzuri, ukifika."

Basi ndiyo nimefika kwenu, na mara hii nimewahi. Yupo aliyesikia, lakini alichelewa kusikia. Yupo aliyeandika, lakini alichoandika kingefungulia wezi. Yupo aliyeona, lakini jina lake liko chini ya kosa lenyewe. Ondoa mmoja, yeyote, na ile Jumatatu sauti ya Mwalimu Tweve ingefutwa, na Bi Tusekile angebaki na ya mtangazaji wa redio.

Bahasha hii hapa, haijaandikwa kitu. Njombe, Lodwar, au Wete? Niambieni, niandike jina la nani?